Uso mweusi, kanzu nyeupe: mwongozo kamili wa kujifunza kupiga na kuhariri picha

Ukitaka kujua kama umeanza kuielewa kamera yako, mpige picha mtu mwenye ngozi nyeusi aliyevaa kanzu nyeupe, mchana, nje ya nyumba. Huenda katika picha ya kwanza kanzu ikatoka vizuri na uso ukawa kiza. Ukiongeza mwangaza, uso utafunguka lakini kanzu itageuka kuwa karatasi tupu isiyo na mkunjo wala darizi shingoni. Picha hiyo moja hudai karibu kila ujuzi ambao mpiga picha anayeanza anapaswa kuupata, na kwa kuwa ndiyo picha tunayopiga kila Idi, kila ndoa na kila maulidi, mwongozo huu utaifuata tangu kutafuta mahali pa kusimama hadi kuichapisha kwenye karatasi. Anayeimudu hatatatizwa na bibi harusi mwenye shela, wala na mwanafunzi mwenye shati jeupe la sare.

Msimamo wangu tangu mwanzo ni kwamba kupiga na kuhariri ni somo moja. Programu ya kuhariri huweza kupanga upya mwanga ulioingia kwenye kamera, lakini haiwezi kuleta mwanga ambao haukuingia. Anayejifunza kuhariri peke yake huishia kuficha makosa kwa vichujio, na anayejifunza kupiga peke yake hajui ni makosa gani yanayorekebishika na ni yapi yasiyorekebishika.

Vifaa

Simu uliyo nayo inatosha kwa miezi ya mwanzo, mradi kamera yake inakuruhusu kurekebisha mwangaza kwa kidole na, ikiwezekana, kuhifadhi faili la RAW, yaani faili ghafi lenye habari zote za mwanga kabla kamera haijazibana. Kabla ya kufikiria kununua chochote, fungua mipangilio ya kamera, uwashe mistari ya gridi na uzime hali ya urembo inayolainisha na kung'arisha ngozi, ambayo katika simu nyingi huja ikiwa imewashwa. Kisha ufute kioo cha lenzi kwa kitambaa laini cha pamba. Mafuta ya vidole ndiyo chanzo kikubwa cha ule ukungu mweupe unaozunguka taa katika picha za usiku, na watu wengi huilaumu simu bila sababu.

Anayetaka kamera kamili atafaidika zaidi na mtumba mzuri wa DSLR wenye lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 kuliko kamera mpya yenye lenzi dhaifu ya kuvuta (zoom). Kwenye kamera za bei nafuu, ambazo nyingi zina kihisi (kile kipande kinachopokea mwanga) cha kipimo kidogo kinachoitwa APS-C, lenzi hiyo huona kama ya milimita 75 hadi 80, na hicho ndicho kipimo kinachozifaa nyuso. Unapoikagua lenzi ya mtumba, mulika tochi upande mmoja ukichungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na lenzi hiyo mwachie mwenyewe hata akikupunguzia bei. Hewa ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja ina unyevu mwingi, kwa hiyo lenzi ihifadhiwe katika sanduku la plastiki linaloziba vizuri, pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya maji. Muulize muuzaji pia shata, lile pazia la ndani ya kamera linalofunguka kupitisha mwanga, imefyatuka mara ngapi, kwa maana shata ina umri wake wa kazi.

Hatua ya kwanza: kumsogeza mtu, si kugusa kamera

Jua la saa sita mchana katika nchi zetu hutoka utosini. Dar es Salaam hupitiwa na jua wima mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na hata katika miezi mingine jua la adhuhuri huwa juu sana. Mwanga wa namna hiyo huangukia paji la uso, pua na mabega, ukayaacha macho katika mashimo ya kiza.

Ni muhimu kuelewa kwa nini hali hiyo inaishinda kamera. Kanzu nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoiangukia, na ngozi nyeusi hurudisha sehemu ndogo. Tofauti hiyo ni ya asili na haiondoki popote mtu atakaposimama. Juani huongezeka tofauti ya pili, ile iliyopo kati ya bega linalopigwa na jua na jicho lililo kivulini, na tofauti hizo mbili zikijumlishwa huzidi uwezo wa kihisi. Ukimwingiza mtu kivulini, mwanga huwa mmoja kwa uso na nguo, tofauti ya pili hutoweka, na ile ya kwanza kamera yoyote ya miaka ya karibuni huimudu. Kwa hiyo tatizo ambalo wengi hutaka kulitatua kwa programu linatatuliwa kwa hatua mbili za miguu.

Hata hivyo, vivuli si sawa. Kivuli kizuri ni kile kilicho karibu na uwazi, kama vile ukingo wa baraza, mlango ulioachwa wazi, chini ya upenu, au ubavu wa jengo ambao jua limeuhama. Mweke mtu kiasi cha mita moja ndani ya kivuli akiwa ameuelekeza uso wake nje, nawe usimame upande wa uwazi bila kumzibia mwanga. Ikiwa mbele yake kuna ukuta uliopakwa chokaa au mchanga mweupe unaopigwa na jua, basi umepata taa kubwa isiyolipiwa. Kivuli cha mwembe, kwa upande mwingine, hupitisha vipande vya jua vinavyoacha madoa usoni, na madoa hayo hayafutiki kwa urahisi.

Tazama pia rangi ya kitu kinachorudisha mwanga. Udongo mwekundu hupandisha wekundu chini ya kidevu, na nyasi hupandisha ukijani. Adui mkubwa wa picha za harusi zetu ni turubai la rangi. Mwanga uliopenya kitambaa cha bluu au kijani umepoteza sehemu kubwa ya wekundu wake, na wekundu huo ndio unaoipa ngozi yetu uhai. Baadaye utavuta vitelezi vyote vya programu ya kuhariri bila kupata zaidi ya uso wa kijivu. Mwombe bwana harusi atoke nje ya turubai kwa dakika tano mpate picha zake muhimu, kisha arudi kwa wageni.

Ngozi nyeusi ina tabia yake mbele ya mwanga, na wengi wa waliofundishwa kwa vitabu vya ughaibuni huchelewa kuitambua. Umbo la uso mweupe huchorwa zaidi na vivuli, ilhali umbo la uso mweusi huchorwa zaidi na ung'avu, yaani ule mng'ao laini unaopita kwenye shavu, paji na daraja la pua. Chanzo kidogo na kikali, kama flashi ya simu, hutoa nukta chache nyeupe za kung'ara na kuacha sehemu nyingine kiza. Chanzo kipana, kama dirisha au ukuta mweupe, hutandaza mng'ao huo ukaonyesha kila mkunjo wa uso. Mwanga ukitoka ubavuni kidogo huwa bora kuliko ukitoka mbele kabisa. Mpe mtu wako leso afute jasho, lakini usijaribu kuuondoa mng'ao wote, kwa kuwa ukiuondoa uso utabaki bapa.

Mwanga wa jioni unasifiwa kila mahali, na sifa hizo ni za haki, ila ushauri wa Ulaya kuhusu muda wake haututoshi. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, kwa hiyo ule mwanga wa rangi ya dhahabu hudumu nusu saa hivi. Mjini Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo jioni kulingana na mwezi. Ukifika na watu wako saa kumi na moja na nusu mkaanza kutafuta mahali, mtaanza kazi mwanga ukiwa umekwisha. Mahali pachaguliwe siku iliyotangulia.

Ndani ya nyumba, zima taa zote na ulitumie dirisha. Taa ya njano ikichanganyika na mwanga wa dirisha, upande mmoja wa uso huwa wa chungwa na mwingine wa bluu, na kuurekebisha mmoja ni kuuharibu wa pili.

Hatua ya pili: kuiambia kamera kilicho muhimu

Kipima mwanga cha kamera hakijui kanzu wala uso. Kinadhani kwamba eneo lote likichanganywa litatoa kijivu cha wastani, nacho hupunguza au kuongeza mwangaza hadi kiupate wastani huo. Mbele ya kanzu nyingi na ukuta mweupe hudhani kuna mwanga wa kupita kiasi, hivyo hupunguza, na uso unazama. Simu mpya hutambua nyuso na kujitahidi kuzifungua. Jambo hilo lilichelewa, kwani kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilipimia ubora wa ngozi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na ni mwaka 2021 tu ndipo Google ilipotoa Pixel 6 ikiwa na mfumo wa Real Tone uliotengenezwa kwa ajili ya ngozi za rangi zote. Hata hivyo, mashine inayofungua uso yenyewe mara nyingi huufungua kupita kiasi, na ni bora uamue mwenyewe.

Kwenye simu, gusa uso katika skrini na ushikilie kidole hadi ionekane alama kwamba fokasi na mwangaza vimefungwa. Kisha telezesha kidole juu au chini kando ya alama ya jua, ukiyatazama mabega ya kanzu badala ya uso. Punguza hadi mikunjo ya kitambaa ionekane, kisha usiendelee kupunguza. Kwenye kamera, tumia kitufe cha kurekebisha mwangaza chenye alama za kujumlisha na kutoa, na uwashe onyo linalofanya sehemu zilizoungua, yaani zilizogeuka weupe mtupu, zimetemete kwenye skrini. Histogramu, ule mchoro wa milima unaoonyesha mgawanyo wa mwanga kutoka kiza upande wa kushoto hadi weupe upande wa kulia, itakuonyesha jambo hilohilo: mlima ukiwa umebanwa kwenye ukingo wa kulia, kanzu imepotea.

Je, ukilazimika kuchagua, nini kitangulie? Inategemea faili. Sehemu iliyoungua haina kumbukumbu yoyote ya kurudisha, wakati sehemu ya kiza bado ina habari ndani yake, ingawa huja na chembechembe. Kwa hiyo ukipiga RAW, linda kanzu na uufungue uso baadaye. Ukipiga JPEG, lile faili la kawaida lililobanwa, ambayo haivumilii kuinuliwa sana, upe uso haki yake na ukubali kupoteza kidogo kwenye bega.

Tofauti ya mafaili hayo ni ya hesabu. JPEG ina biti 8 kwa kila rangi, sawa na ngazi 256 kutoka kiza hadi weupe. RAW ya biti 12 ina ngazi 4,096, na ya biti 14 ina ngazi 16,384. Ngazi 256 zikivutwa ili kiza kifunguke, ngozi huanza kuonyesha mistari na madoa. Ngazi elfu kadhaa huvutika bila kuonyesha jeraha. Gharama yake ni nafasi, kwa kuwa faili la RAW huwa kubwa mara kadhaa kuliko JPEG, basi itumie kwa picha za maana na si kwa kila chakula cha mchana.

Hatua ya tatu: tundu, shata na ISO

Mwenye simu anaweza kuipitia sehemu hii haraka, maana tundu la lenzi ya simu nyingi halibadiliki. Mwenye kamera anapaswa kuelewa kwamba mwanga huhesabiwa kwa stopu, na kila stopu moja ni kuuongeza maradufu au kuupunguza nusu. Namba za tundu hupangwa f/2, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16, na kadiri namba inavyokua ndivyo tundu linavyokuwa dogo na ndivyo sehemu kubwa zaidi ya picha, ya mbele na ya nyuma, inavyokuwa kali. Shata ni pazia linalofunguka kwa sehemu ya sekunde, na kutoka 1/125 hadi 1/250 umepunguza stopu moja. ISO ni kiwango cha kukuza ishara ya kihisi, na ikipanda huonyesha chembechembe.

Kwa uso wa mtu mmoja aliyetulia, anza na f/2.8, shata isiyopungua 1/125, na uiache ISO ijipange yenyewe. Kwa kundi la ndugu waliosimama safu mbili, nenda f/5.6 au f/8, la sivyo safu ya nyuma itatoka na ukungu. Kwa watoto wanaokimbia au ngoma inayochezwa, shata iwe 1/500 au zaidi. Gizani usiogope kupandisha ISO, kwa sababu chembechembe hupunguzwa katika kuhariri na picha iliyotikisika haina dawa.

Kanuni moja ya zamani inafaa kukaririwa kwa siku ambayo kipima mwanga kitakudanganya. Katika jua kali lisilo na mawingu, weka tundu f/16 na shata iwe moja gawanya kwa ISO, kwa mfano 1/125 ukiwa na ISO 100. Hapo tuseme ukweli kwamba kanuni hiyo ni ya kitu kinachopigwa na jua moja kwa moja, nasi tumeshakubaliana kumtoa mtu wetu juani; bado itakufundisha kuukisia mwanga kwa macho.

Umbali na mpangilio

Lenzi kuu ya simu huona kwa upana, na ukiisogeza karibu na uso, pua hukua na masikio hurudi nyuma. Simama mita mbili hivi, kisha tumia lenzi inayokuza mara mbili ikiwa simu inayo, au upunguze kingo baadaye. Kamera iwe katika usawa wa macho ya anayepigwa. Kwa mtoto, piga goti. Fokasi ikae kwenye jicho lililo karibu nawe. Kabla ya kubonyeza, zungusha macho kwenye kingo nne za fremu utafute nguzo inayotoka kichwani, ndoo ya plastiki, au mkono wa mtu mwingine uliokatwa nusu.

Anayetaka kujifunza mkao, azitazame picha za studio za zamani za mwambao, kama zile za studio ya N. V. Parekh mjini Mombasa au za Capital Art Studio iliyofunguliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1930. Tazama mikono ilivyowekwa, kidevu kilivyogeuzwa, na jinsi pazia la nyuma lilivyoachwa lisishindane na uso.

Idhini ni sehemu ya ufundi wenyewe. Muulize mtu kabla ya kumpiga, na umuulize tena, tofauti, kabla ya kuiweka picha mtandaoni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Mwaka 2023 shule moja nchini Kenya ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kambi za jeshi na vituo vya polisi visipigwe kabisa.

Hatua ya nne: kuchagua kabla ya kuhariri

Usihariri siku ileile ikiwa unaweza kungoja, kwa maana furaha ya tukio huifanya kila picha ionekane nzuri. Katika mzunguko wa kwanza ondoa zilizotikisika na zenye macho yaliyofumba. Katika mzunguko wa pili linganisha zinazofanana ubaki na moja kwa kila mkao. Kazi hii huwachosha wengi wakairuka, kisha wakahariri picha arobaini vibaya badala ya nne vizuri.

Hatua ya tano: kuhariri kwa mpangilio

Programu za bure zinatosha. Snapseed ya Google hufanya kazi kwenye simu, hufungua faili la RAW la aina ya DNG, na huhifadhi orodha ya kila badiliko ili uweze kurudi nyuma. Lightroom ya simu ina sehemu isiyolipiwa, ingawa baadhi ya zana zake ni za malipo. Kwenye kompyuta, darktable na RawTherapee husafisha mafaili ya RAW, na GIMP hufaa kwa kazi za tabaka na kufuta vitu. Chagua moja ukae nayo. Kuhamahama ndiko kunakochelewesha wanafunzi wengi.

Kabla ya yote, andaa macho yako. Weka mwanga wa skrini nusu, uzime hali ya usiku inayoipaka skrini unjano, na ukae mahali pasipo na jua. Skrini iliyowashwa hadi mwisho huifanya picha ionekane angavu, ukaiacha kiza. Iliyofifishwa kitandani usiku hukufanya uzidishe mwangaza. Malalamiko mengi kwamba mchapishaji ameiharibu picha yana chanzo hiki.

Anza kwa kunyoosha mstari wa ukuta au bahari na kukata kingo zisizo na kazi, lakini usikate mtu kwenye viungo kama goti au kifundo cha mkono.

Fuatisha rangi ya mwanga. Kanzu iliyopigwa kivulini huwa na ubluu, kwa sababu kivuli huangazwa na anga. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mwanga unavyozidi ubluu: wa jua la mchana ni kama Kelvini 5,500 na wa kivulini hupita 7,000. Chukua kile kidonoa rangi, zana ya kuonyesha programu ni wapi palipo na weupe, gusa sehemu ya kanzu ambayo haijaungua, na programu itaipa picha yote usawa. Kisha utazame uso, si kanzu. Ngozi ikiwa na rangi ya chungwa umezidisha joto, rudi nyuma kidogo, hata kama kanzu itabaki na ubaridi. Macho ya mtazamaji husamehe kanzu yenye ubluu kuliko uso wenye rangi ngeni.

Sasa mwangaza. Pandisha mwangaza wa jumla hadi uso uwe sawa, bila kuijali kanzu. Halafu shusha kitelezi cha sehemu angavu pekee hadi mikunjo na darizi zirudi. Kitelezi cha vivuli kipandishwe kidogo tu. Hapa ndipo wengi huharibu kazi, wakivifungua vivuli vyote hadi nywele, kope na ndevu zinakuwa za kijivu. Ukiona picha imefifia, shusha kidogo kiwango cha weusi hadi mboni za macho ziwe nyeusi kweli. Mpangilio huo wa uso kwanza, kanzu ya pili na weusi wa mwisho ndio niupendekezao kwa karibu kila picha ya mtu.

Ikiwa uso bado uko nyuma, usiongeze mwangaza wa picha yote. Tumia zana ya kuchagua eneo, weka nukta usoni, punguza duara lisiguse kanzu, na uongeze kidogo. Katika Snapseed nukta hiyo hutambua rangi zinazofanana na mahali ulipoigusa, kwa hiyo weka ya pili kwenye kanzu ikiwa na mwangaza ulioshushwa, ili moja isiingilie nyingine.

Hapa ni lazima kutaja jambo ambalo ni la heshima kuliko la ufundi. Kuufungua uso si kuubadilisha rangi. Ngozi inapaswa kuonekana kama ilivyo katika mwanga mzuri, na mtu aliye mweusi sana abaki mweusi sana, akiwa na mng'ao na umbo. Njia rahisi ya kujipima ni kulinganisha uso na mikono katika picha hiyohiyo: uso ukiwa umepauka kuliko mikono, umevuka mpaka. Vivyo hivyo kwa kulainisha ngozi. Chunusi ya wiki hii inaweza kufutwa kwa zana ya kuponya. Kovu, chale na mikunjo ya mzee ni vyake, usiviguse asipokuomba.

Rangi zikolezwe kwa uangalifu. Kitelezi cha ukolezaji wa jumla huzipandisha zote kwa pamoja na kuigeuza ngozi kuwa ya shaba, kwa kuwa ngozi za binadamu wote, weusi kwa weupe, huangukia zaidi katika eneo la chungwa. Ukitaka kanga au kitenge kikolee, tafuta zana inayogusa rangi moja moja, na uliache eneo la chungwa lilivyo.

Mwisho, ongeza ukali kidogo na kupunguza chembechembe, ukiwa umeikuza picha hadi asilimia 100. Ukali usiguse ngozi ikiwa programu inaruhusu. Macho, kope na darizi zinatosha. Kisha uifunge programu, ukafanye shughuli nyingine, na uirudie picha kesho yake kabla ya kuituma.

Mazoezi ya mwezi mmoja

Wiki ya kwanza, mpige mtu mmoja mahali pamoja saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni, na usihariri chochote. Wiki ya pili, mkalishe karibu na dirisha na umzungushe robo kwa robo, ukitazama mng'ao unavyohama shavuni. Wiki ya tatu piga uso na kanzu juani, kisha kivulini, kwa RAW na JPEG, na ujaribu kuziokoa zote nne ili ujue kikomo cha kila moja. Wiki ya nne chukua picha ya wiki ya kwanza uihariri mara mbili kwa siku tofauti bila kulitazama toleo lililotangulia, halafu uyaweke matoleo hayo pamoja. Tofauti utakayoiona kati yake ndiyo kipimo cha jicho lako bado kuyumba.

Kuhifadhi, kutuma na kuchapisha

Faili la asili lisiguswe kamwe, hariri nakala. Kila picha ya thamani iwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba au mtandaoni, kwa sababu simu huibiwa na kadi za kumbukumbu hufa bila taarifa.

Kwa mtandao, toa JPEG yenye mfumo wa rangi wa sRGB, upande mrefu ukiwa na pikseli 2,048, ubora wa asilimia 85 hivi. WhatsApp hubana picha inayotumwa kwa njia ya kawaida, hivyo unapompelekea mtu picha ya kuchapisha, itume kama hati.

Kwa karatasi, hesabu ni pikseli 300 kwa kila inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 huhitaji kama pikseli 1,200 kwa 1,800, na ya sentimita 20 kwa 30 kama 2,400 kwa 3,600, kwa hiyo kamera ya megapikseli 12 inatosha ukutani mwa nyumba yoyote. Mwambie mchapishaji azime marekebisho ya moja kwa moja ya mashine, kwa sababu mashine hiyo nayo hutafuta wastani, nayo itaufanyia uso kile ambacho kamera ilitaka kuufanyia tangu mwanzo. Agiza kwanza nakala moja ndogo, uipeleke karibu na dirisha, na uitazame mchana. Karatasi haitoi mwanga kama skrini, hivyo tarajia uso uwe mzito kidogo kuliko ulivyouona. Ongeza mwangaza kwa theluthi ya stopu, chapisha ndogo ya pili, na mikunjo ya kanzu ikiwa bado ipo, agiza kubwa.